Sarafu zimejaa kopo: uzitumie, uzipeleke benki au uiachie mashine?

Chenji haikai mfukoni. Jioni inatolewa, inawekwa juu ya kabati, kwenye bakuli la funguo, kwenye kopo lililokwisha kazi yake, na kesho yake mtu anatoka na noti nyingine. Miezi inapita, kopo linakuwa zito, na siku ya kufanya usafi swali linajileta lenyewe: hizi zifanyweje?

Kila mtu ana jibu lake. Mmoja atakwambia peleka benki, mwingine atasema mwachie mtoto, wa tatu atakushangaa: pesa ni pesa, zitumie. Wote wana hoja. Ila kabla ya kuchagua, liweke jambo moja mezani: rundo la sarafu ni pesa ambayo haijahesabiwa, na kazi ya kuihesabu haikwepeki. Lazima mtu aifanye. Ukiifanya mwenyewe, unalipa kwa muda wako. Ikifanywa na mashine, unakatwa asilimia. Ukimmwagia keshia, unalipa kwa macho ya watu waliopanga foleni nyuma yako. Na ukiliacha kopo lilivyo, mfumuko wa bei unajichukulia sehemu yake bila kukuuliza. Kwa hiyo nitazipima njia zote kwa swali hilo tu: nani anahesabu, na anachukua nini.

Kopo zito si kopo tajiri

Anza kwa kuangalia rundo lako ni la sarafu gani, maana uzito unadanganya. Chukua mfano wa Marekani, ambako uzito wa kila sarafu unajulikana. Sarafu ya senti 25 ina gramu 5.67, kwa hiyo dola 100 za sarafu hizo zina uzito wa kilo 2 na robo hivi. Unazibeba kwa mkono mmoja. Dola 100 hizohizo zikiwa za senti moja moja ni sarafu 10,000, na kwa gramu 2.5 kila moja unapata kilo 25. Pesa ni ileile, lakini moja unaiweka kwenye mkoba na nyingine inataka toroli.

Hii ndiyo sababu ushauri wa jumla kuhusu sarafu haumsaidii mtu. Aliyejaza kopo kwa sarafu kubwa ana akiba ya kweli, na saa moja ya kuhesabu inamlipa. Aliyejaza kwa sarafu za chini kabisa ana vyuma vingi na pesa kidogo, na anachotafuta hasa ni njia ya kuviondoa nyumbani bila kujichosha. Mwaga kidogo kwenye trei, chota viganja viwili vitatu, utajua uko upande gani.

Kuzitumia kidogo kidogo

Kwa kopo dogo, hii ndiyo njia ninayoipa nafasi ya kwanza, na sababu ni rahisi: hakuna ada, hakuna safari ya ziada, na kuhesabu kunagawanyika hadi hukusikii. Unatoka na sarafu kadhaa kila asubuhi, unalipia vitu vidogo, unarudi bila hata moja. Kosa la wengi ni kubeba sarafu bila mpango, wakifika dukani wanaanza kupekua mfuko, wanaona aibu, wanatoa noti, na wanarudi nyumbani na sarafu nyingi zaidi ya walizotoka nazo. Dawa yake ni kuzipanga nyumbani. Funga kiasi kinachotosha nauli ya siku au kitu unachonunua kila siku, ukiweke kwenye mfuko wake. Ukifika unatoa fungu zima, limeshahesabiwa.

Kwenye maduka yenye mashine za kujihudumia, sehemu ya kuingizia sarafu ni rafiki mkubwa wa mtu mwenye kopo. Ingiza sarafu kwanza, kisha kiasi kilichobaki kimalizie kwa kadi au kwa simu. Mashine haina haraka wala haikunji uso. Nenda saa ambazo duka halina watu, basi.

Kwa keshia wa kawaida kuna mpaka, na mara nyingine mpaka huo ni wa kisheria. Katika nchi zinazotumia yuro, hakuna anayelazimika kupokea sarafu zaidi ya 50 kwenye malipo ya mara moja. Japani, mwisho ni sarafu 20 za kila thamani. Uingereza, sarafu za peni moja na peni mbili ni malipo halali hadi jumla ya peni 20 tu; ukizidisha hapo, anayekudai ana haki ya kukataa. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mfanyabiashara binafsi kupokea sarafu hata kidogo. Kwa hiyo zile hadithi za mtu aliyelipa faini au deni kwa ndoo ya sarafu ili kumkomoa mdai wake zinachekesha kusikiliza, lakini usizigeuze kuwa mpango wa fedha.

Kuna mlango wa pembeni ambao wengi hawaugongi: mwenye biashara ndogo. Anayeuza vitu vya bei ndogo siku nzima huwa anahangaika kutafuta chenji, na wewe unahangaika kuiondoa. Muulize kwa adabu kama anahitaji, asubuhi kabla ya wateja kujaa, umpelekee zimeshapangwa kwa mafungu yanayohesabika kwa jicho. Mnahesabu pamoja, anakupa noti, mnaagana. Ukweli kwamba chenji ni bidhaa inayotafutwa ulionekana waziwazi Marekani mwaka 2020. Biashara zilifungwa kwa sababu ya janga la korona, sarafu zikabaki majumbani bila kuzunguka, na mwezi Juni benki kuu ikaanza kuzigawia benki sarafu kwa mgawo. Watu wakaombwa kuvunja vibubu vyao. Sarafu hazikuwa zimepotea. Zilikuwa juu ya makabati.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, nao ni mkubwa: haifai kwa rundo. Mwenye ndoo akijaribu kuitumia sarafu tano tano, atazeeka nayo.

Kuhesabu mwenyewe na kupeleka benki

Hapa ndipo rundo kubwa linapostahili kwenda, mradi benki yako haitozi ada inayomeza faida. Na hapo kwenye ada ndipo pa kuuliza kabla hujabeba chochote. Benki nyingine hupokea bure sarafu za mteja wao zikiwa zimepangwa, nyingine huweka kikomo kwa siku, nyingine hutoza kwa idadi. Mfano unaouma zaidi ni wa Japani. Januari 2022 benki ya posta ya huko ilianza kutoza kwa kuweka sarafu nyingi kaunta: ukileta kati ya 51 na 100, ada ilikuwa yeni 550. Mtu aliyekuja na sarafu 100 za yeni moja alikuwa anadaiwa yeni 550 ili awekewe yeni 100. Bora angebaki nazo nyumbani.

Basi piga simu kwanza. Uliza mambo matatu: mnapokea sarafu za asiye na akaunti, mnatoza nini, na mnataka zifungwe vipi. Swali la tatu linapuuzwa kuliko yote, na ndilo linalofanya watu warudishwe mlangoni. Marekani benki huzitaka kwenye viroli vya karatasi: senti moja 50 kwa kiroli, senti tano 40, senti kumi 50, senti 25 ziwe 40. Uingereza hutumika vifuko vya plastiki, na kila kifuko kina kiasi chake: cha pauni moja kwa sarafu za shaba, cha pauni tano kwa peni tano na kumi, cha pauni kumi kwa peni 20 na 50, cha pauni 20 kwa sarafu za pauni. Kuchanganya aina mbili kwenye kifuko kimoja ni kumfanya mhudumu aanze upya kazi uliyodhani umeimaliza.

Kazi yenyewe haitishi ikifanywa kwa utaratibu. Tandika kitambaa kizito mezani, maana kwenye meza tupu sarafu zinateleza na kelele zinachosha kuliko kuhesabu kwenyewe. Mwaga sehemu, si kopo zima. Kwanza toa visivyo pesa: vifungo vya nguo, funguo, skrubu, tiketi zilizojikunja, sarafu za nchi nyingine. Kisha tenganisha kwa aina, kila aina na kona yake. Usihesabu moja moja. Panga nguzo ya sarafu kumi, ihakiki mara moja, halafu jenga nyingine pembeni yake hadi zilingane urefu. Ukishakuwa na safu ya nguzo, weka jicho usawa wa meza au pitisha rula juu yake: nguzo iliyopungua sarafu moja inajitokeza hapohapo, na iliyozidi inaigonga rula. Nguzo tano ni sarafu 50, na mkono unazoea haraka.

Sumaku nayo inasaidia kuliko inavyodhaniwa. Sarafu za yuro za senti moja, mbili na tano ni chuma kilichopakwa shaba, kwa hiyo zinanasa. Za senti 10, 20 na 50 ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya rangi ya dhahabu isiyonasa kabisa. Rundo lililochanganyika linagawanyika vipande viwili kwa kupitisha sumaku juu yake. Uingereza nako peni zilizotengenezwa kuanzia 1992 zina chuma ndani, za zamani ni shaba, ndiyo maana kopo moja linaweza kuwa na peni zinazonasa na zisizonasa.

Na mwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu anaweza kuacha kuhesabu kabisa. Waliobuni sarafu za baadhi ya nchi walizipa uzito unaolingana na thamani. Peni moja ya Uingereza ina gramu 3.56 na peni mbili ina 7.12, mara mbili kamili. Maana yake ni kwamba huna haja ya kuzitenganisha: changanya peni moja na mbili upendavyo, gramu 356 zitakuwa pauni moja. Peni tano na peni kumi zina uhusiano huohuo, gramu 3.25 na 6.5, hivyo gramu 325 za mchanganyiko wake ni pauni tano. Marekani, sarafu ya senti 10 ina gramu 2.268 na ya senti 25 ina 5.67, gawanya uzito wa mchanganyiko wake kwa 22.68 unapata dola. Benki bado itataka zitenganishwe, lakini wewe utakuwa umejua mapema kama kopo lina kiasi kinachostahili safari.

Mashine ya kuhesabu

Unamwaga, inanguruma, inakupa risiti. Kwa mtu mwenye haraka hakuna kinachoishinda. Mashine hizi zilienea kwenye maduka makubwa ya Marekani baada ya kampuni ya Coinstar kuanzishwa mwaka 1991, kisha zikavuka hadi Uingereza na kwingineko, na biashara yake haina siri: inahesabu kwa niaba yako na kukata sehemu. Ukitaka noti mkononi, makato huwa ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jumla, na mara nyingine kuna ada ndogo ya kudumu juu yake. Asilimia 10 au 12 haisikiki kuwa nyingi hadi uifikirie kwa namna nyingine: hakuna benki ambayo ungeiruhusu ikukate kiasi hicho kwa kupokea amana yako.

Lakini kuna njia ya kuipita ada hiyo, na imeandikwa kwenye skrini ileile ambayo watu wanaigusa kwa haraka. Mashine nyingi zinakupa uchaguzi wa kupokea thamani yote kama kadi ya zawadi ya duka fulani, bila makato. Ikiwa duka hilo ni lile unalonunua kila wiki, umeshinda: mashine imehesabu bure. Ikiwa ni duka usiloingia, kadi italala kwenye droo, na utakuwa umehamisha pesa kutoka kopo moja kwenda jingine.

Mashine nazo hukosea. Mwaka 2016 benki moja kubwa ya Marekani iliziondoa mashine zake za sarafu kwenye matawi yote baada ya waandishi wa habari kuzijaribu na kukuta baadhi zikihesabu pungufu. Kwa hiyo usiende na mkoba usiojua una nini. Mizani ya jikoni niliyoitaja inakupa makadirio kwa dakika chache. Kabla ya kuondoka, chungulia pia kisahani cha kurudishia: zile zilizokataliwa zinaangukia hapo, na wengi wanaondoka bila kuzitazama. Sarafu inakataliwa kwa sababu ni ya kigeni, imepinda, imechafuka, au uzito wake si wa kawaida. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa ya madini ya fedha, jambo nitakalolirudia.

Mbili hizi ana kwa ana

Ugomvi wa kweli ni kati ya benki na mashine, kwa hiyo nizipambanishe kwa namba. Tuseme kopo lina 1,000 ya pesa yoyote unayoitumia, benki haitozi, na mashine inakata asilimia 12. Benki inakupa 1,000, mashine inakupa 880. Tofauti ni 120. Kama kupanga na kufunga kunakuchukua saa moja, basi 120 hiyo ndiyo mshahara wako wa saa hiyo. Ilinganishe na unachopata kwa saa moja kazini kwako, au na thamani ya kupumzika. Kwa wengine ni mshahara mzuri sana wa kukaa mezani huku redio ikiimba. Kwa wengine haufiki hata nusu.

Sasa punguza kopo liwe la 80. Mashine inakata chini ya kumi. Kusafiri hadi benki kwa ajili ya kumi hakuna maana, wala kuifanya mashine kuwa adui. Lakini kopo la namna hiyo lisingefika kwenye mashine. Lingeisha lenyewe kwa wiki chache za kulipia nauli.

Ukiongeza lifike 5,000 hesabu inageuka kabisa. Makato yanakuwa 600, na hapo sioni udhuru. Kaa uhesabu, au wape vijana wa nyumbani kazi hiyo kwa ujira. Wape asilimia 12 kamili ukitaka: ni kiasi kilekile ambacho mashine ingekata, ila kimebaki ndani ya familia.

Kwa kuwa kazi inakua kufuata idadi ya sarafu na malipo yanakua kufuata thamani, sarafu kubwa ndizo za kuhesabu kwa mkono, na ndogo ndizo za kuachia mashine. Si lazima kopo zima liende njia moja. Chambua kubwa, zinakuwa chache na zinahesabika upesi, zipeleke benki. Vumbi la chini liingize kwenye mashine na usilihesabie makato. Naona huu ndio uchaguzi bora kwa kopo la kati, na nashangaa kwa nini haushauriwi mara nyingi zaidi.

Kuziacha zikae

Wapo wanaosema kibubu ni nidhamu, na siwapingi kabisa. Pesa iliyo kwenye chombo kisichofunguka haitumiki ovyo, na mtoto anayeona kiwango kikipanda kwenye chupa ya kioo anaelewa akiba kuliko anayeambiwa kwa maneno. Kwa lengo dogo la miezi michache, kibubu kinafaa.

Kwa miaka, hapana. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, 1,000 iliyolala kwenye kopo itanunua, baada ya miaka mitano, vitu ambavyo siku ya kwanza vingegharimu 747 hivi. Hiyo ni robo nzima, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho mashine ingekukata siku moja. Watu wanaoilaani ada ya mashine huku ndoo yao imekaa muongo mzima chini ya kitanda wameshalipa zaidi bila kujua.

Hatari nyingine ni sarafu kuondolewa kwenye mzunguko. Uingereza ilileta pauni mpya yenye pembe 12 Machi 2017, na ilipofika Oktoba 15 mwaka huohuo ile ya duara ikakoma kuwa malipo halali. Sweden ilizifuta sarafu zake za zamani za krona moja, mbili na tano baada ya Juni 30, 2017. Kanada iliacha kusambaza sarafu ya senti moja Februari 2013, na Marekani ikatengeneza za mwisho za matumizi ya kawaida Novemba 2025. Si kila mara unapoteza: hizi mbili za mwisho bado ni pesa halali. Ujerumani ni mkarimu kupita kiasi. Benki kuu yake bado inabadilisha marki za zamani, noti na sarafu, bila tarehe ya mwisho, kwa marki 1.95583 kwa yuro. Ufaransa ilifunga mlango kwa sarafu za faranga Februari 2005, na aliyezikuta baadaye kwenye droo ya bibi yake amebaki na ukumbusho. Kopo linaloachwa muda mrefu linategemea huruma ya benki kuu.

Kuzitoa sadaka

Nia ni njema, lakini rudi kwenye swali la nani anahesabu. Ukiipa taasisi ndogo ndoo ya sarafu zilizochanganyika, umeipa pesa pamoja na kibarua. Kama ina kibubu chake mlangoni na watu wa kuhesabu, sawa, mwaga. Kama haina, badilisha mwenyewe kisha uitumie jumla kwa njia ya benki au simu. Itapokea zaidi, na hakuna atakayekesha akijenga nguzo. Mashine nyingi za kuhesabu pia zina kitufe cha kuchangia.

Kabla hujaziachia

Usiziache ziende bila kuzipitisha macho, hasa kama kopo lina sarafu za enzi za wazee. Sarafu za Marekani za senti 10 na 25 za mwaka 1964 na nyuma ni asilimia 90 madini ya fedha, na ile ya senti 25 ina zaidi ya gramu tano na nusu za fedha ndani yake. Kwa muda mrefu sasa fedha hiyo peke yake imekuwa na thamani kubwa mara nyingi kuliko senti 25. Dalili ni ukingo: sarafu ya kisasa ina mstari wa shaba ubavuni, ya fedha ni nyeupe tupu. Uingereza ilitumia fedha kwenye sarafu zake hadi 1946, kuanzia 1920 ikiwa nusu kwa nusu na metali nyingine. Kuna pia za kisasa zinazotafutwa, kama peni 50 ya bustani ya Kew ya mwaka 2009, ambayo zilitengenezwa 210,000 tu.

Ukiipata yenye dalili, usiisugue. Siki, dawa ya meno na limau vinaifanya ing'ae na kumfanya mkusanyaji aipite, kwa sababu uso wa asili ukishakwanguliwa haurudi. Ifunge kwenye karatasi kavu, ukamwonyeshe mtu wa kazi hiyo. Wala usiingiwe na wazo la kuyeyusha sarafu za shaba kwa ajili ya chuma chakavu. Uingereza sheria ya sarafu ya 1971 inakataza bila kibali, na Marekani imezuia kuyeyusha sarafu za senti moja na tano tangu mwishoni mwa 2006.

Zile za safari

Kila kopo lina za kigeni, na hapa uchaguzi ni finyu. Maduka ya kubadilishia fedha hununua noti, sarafu hayazitaki, maana kuzirudisha kwao kunagharimu kuliko zenyewe. Njia ya maana ni kumpa anayesafiri kwenda huko; mtu anayetua usiku uwanja wa ndege akiwa na sarafu za toroli na basi atakukumbuka. Au ziingize kwenye mpango wa UNICEF uitwao Change for Good, ambao tangu 1987 unakusanya chenji za abiria ndani ya ndege za mashirika yanayoshiriki. Hapo kuna watu walioandaliwa kuzipanga na kuzirudisha nchi zake, kazi ambayo mtu mmoja nyumbani haiwezi. Bahasha ikitembezwa ndani ya ndege, ndio wakati wa kuumaliza mfuko, si baada ya kufika nyumbani.

Kopo lisijae tena

Ukishalimaliza, unaweza kupunguza kasi ya kujaa kwake. Benki nyingi, tangu moja ya Marekani ilipoanza mwaka 2005, zina huduma ya kukuza kila malipo ya kadi hadi namba kamili na kuhamisha tofauti kwenye akaunti ya akiba: ni kibubu kilekile, isipokuwa hakuna cha kuhesabu na kinaweza kupata riba. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi. Aprili 2017 benki kuu yake ilianza jaribio ambalo keshia, badala ya kukupa chenji, anaiingiza kwenye kadi yako ya usafiri. Mahali ambapo hakuna huduma hizo, kitu cha kufanya ni kuweka chombo kidogo badala ya kikubwa. Kikombe kinajaa haraka, na kilichomo kinaisha kwa nauli za wiki moja.